Buyenzi, mtaa wa mafundi: kutu, rangi na mteremko wa Bugarama

Safari hii ukurasa wetu unatoka Bujumbura. Sisi walimu wawili tulipata ruhusa ya kutoka tukafuate madaftari na chaki, tukapewa nafasi kwenye lori la mfanyabiashara mmoja anayeleta bidhaa huku kwetu.

Wengi wenu njia mnaijua: Gitega, Muramvya, halafu Bugarama, ambako barabara iko juu zaidi ya mita 2,000. Kutoka hapo ni kushuka tu, karibu kilomita 35, mpaka Ziwa Tanganyika lililo kwenye mita 770 hivi. Kona juu ya kona. Vijana wanateremka na baiskeli zenye mikungu ya ndizi kuliko uzito wao wenyewe, na wakati wa kupanda wanashikilia malori kwa nyuma. Hilo la kushikilia lori, vijana wetu, tunawaomba msiige.

Katikati ya mteremko tukasikia harufu ya kitu kinaungua. Dereva akatia gia ndogo, akasimama pembeni, akatuambia breki hazikamati tena kama asubuhi. Abiria mmoja akaleta maji amwagie gurudumu. Dereva akamzuia: chuma kikiwa moto hivyo, ukikimwagia maji baridi kinapasuka. Basi tukangoja kipoe chenyewe.

Kesho yake lori likapelekwa Buyenzi, na sisi tukafuata. Buyenzi ni mtaa wa zamani wa Waswahili mjini Bujumbura. Humo Mkongo, Mrundi na Mtanzania wote wanaelewana kwa Kiswahili, misikiti iko jirani, barabara zinaitwa kwa namba, na karibu kila ua ni gereji. Mtu anaponda chuma, mwingine anachomelea, mwingine anauza nati moja moja. Sisi tuliozoea utulivu wa kambi masikio yalichoka, lakini mtaa ulitupendeza kuliko mjini kwenye maduka ya vioo.

Fundi ni mzee. Dereva akamwambia, "Mzee wangu, lori lililala muda mrefu kwa kukosa mafuta." Mzee akajibu, "Nimejua kabla hujasema, mwanangu. Kutu inaongea." Tangu shida ya mafuta ilipoikamata Burundi miaka hii, malori mengi yamekaa uani, mvua inapiga, na kutu inakula ngoma za breki.

Ngoma ya breki ni ile bakuli kubwa ya chuma cha kumimina iliyo nyuma ya gurudumu. Ndani yake mna viatu vya breki vyenye gamba gumu. Ukikanyaga pedali, viatu vinapanuka na kusugua ukuta wa ngoma kwa ndani, na mwendo wote wa lori unageuka kuwa joto. Ngoma ikipata moto sana inapanuka, inavikimbia viatu, na gamba lenyewe linapoteza ukali. Kumbe ndiyo maana breki inaweza kuwa nzuri Bugarama na kukosa nguvu kabla hujafika chini.

Waliweka mawe kwenye magurudumu mengine, wakanyanyua lori kwa jeki na kulikalisha juu ya magogo, maana jeki peke yake haiaminiki. Ngoma ilikuwa imegandiana na kutu, wakaitoa kwa kukaza boliti kwenye matundu yake mpaka ikasogea. Vijana wanaojifunza kazi walifuta vumbi kwa kitambaa chenye maji. Mzee haruhusu kulipuliza. Vumbi la breki za zamani linaweza kuwa na asbesto, nayo inaharibu mapafu. Halafu brashi ya waya, halafu msasa, nje na ndani.

Mwenye lori alipiga simu: pakeni rangi haraka, lirudi kazini. Mzee hakugusa kopo. Alininginiza kila ngoma kwenye kamba akaigonga kwa nyundo ndogo. Tatu zililia kama kengele. Ya nne ikatoa sauti ya sufuria iliyotoboka. Akaisugua tena, na chini ya kutu tukaona ufa, mwembamba kama unywele, unatoka ukingoni unaingia ndani. Dereva akachukua simu mwenyewe, akamwambia tajiri wake, "Patron, kwa heshima yako, na hii sishuki Bugarama. Nyuma yangu wanapanda watoto wa watu." Walibishana muda. Mwishowe pesa ikatumwa, ikanunuliwa ngoma nyingine, kuukuu lakini nzima. Kwa maoni yetu huyo dereva alifanya kazi kubwa kuliko fundi.

Rangi ilikuja mwisho, ile inayostahimili joto, tabaka jembamba, na upande wa nje tu. Ndani viatu vinaposugua hairuhusiwi rangi, mafuta, wala grisi ya vidole. Na pale gurudumu linapokaa hapapakwi, kwa sababu rangi nene ikisagika nati zinalegea njiani. Kutu nyepesi ya ndani si ya kuogopa, breki yenyewe inaisugua. Ikiwa imechimba mashimo, ngoma inapelekwa kwa mkerezaji, naye hawezi kupita kipimo cha mwisho kilichoandikwa kwenye chuma chenyewe.

Tulimuuliza mzee ile yenye ufa ataiuza wapi. Akaita kijana mwenye nyundo kubwa, akamwambia aivunje palepale. Ikivunjika, akatuambia, hakuna wa kuipaka rangi na kuiuza tena.