Moshi: Twende Tukachague Ngozi ya Fimbo

Ukitaja Moshi, watu wanawaza mambo matatu: mlima, kahawa na ndizi. Poa, vyote vipo. Lakini kwa wapenzi wanaotafuta wikiendi ya tofauti, mji huu una jambo la nne: mafundi wa ngozi. Na kama mwenzako ni mgonjwa wa pool, hapa pana dawa yake.

Kutoka Dar ni kama kilomita 560. Panda basi la asubuhi Stendi ya Magufuli, Mbezi, na kaeni upande wa kulia. Mkishapita Korogwe mtaanza kuona milima ya Usambara, kisha Upare, mpaka macho yachoke kwa raha. Moshi yenyewe ni mji msafi, unatembeleka kwa miguu. Ngozi siyo kitu kigeni hapa: kule Karanga kipo kiwanda cha viatu na bidhaa za ngozi, cha ubia wa Magereza na mfuko wa PSSSF. Mafundi wadogo nao wapo mitaani, barazani, na cherehani zao na harufu ya gundi.

Sisi tulikwenda na kesi. Mwaka wa pili wa ndoa, mume wangu ana fimbo yake ya vipande viwili, ina begi lake, na inatoka naye usiku kuliko mimi. Nilishaanza kuiona kama mke mwenza. Tukakubaliana: siku mbili tuwe wawili tu, tuyamalize. Fimbo nayo ikaja, maana mpini wake ulikuwa umechakaa ile mbaya.

Fundi aliigeuza mikononi, akauliza, "Nani ataishika?"

"Mimi, mangi," mume wangu akajibu.

"Na shemeji?"

Kimya. Nikasema ukweli: sijawahi kuambiwa niishike. Mume wangu akanitazama kama anayesikia habari mpya, kisha akanipa fimbo. Tukajaribu ngozi zote kwa mikono yote miwili, wake na wangu.

Na hapo ndipo nilipojifunza mengi. Kazi ya ngozi kwenye mpini ni kushika jasho, na Moshi kuanzia Januari hadi Machi joto si mchezo, Dar ndiyo usiseme. Kwa hiyo pima kwa mkono wenye unyevu, siyo mkavu. Ngozi ya ng'ombe iliyong'arishwa inapendeza dukani, ila ikilowa inaweza kuteleza. Ile iliyogongwa muhuri wa magamba inashika vizuri zaidi. Ya mbuzi ni nyembamba na laini, inalala vizuri kwenye mti. Ya nguruwe ina vitundu na haichemshi kiganja, lakini fikiria marafiki Waislamu mnaopokezana nao fimbo. Ngozi yenye vinyweleo kama kitambaa inanywa jasho lote, na uchafu pia.

Kuhusu chatu, kenge au mamba halisi, achana nazo. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009, kukutwa na nyara bila kibali ni kosa, na hakuna raha ya pool rumande.

Angalia na mshono. Kipande cha mpini ni kama sentimita 30 kwa 10 tu, kwa hiyo kosa dogo linaonekana. Pitisha kidole: ngozi na mti viwe usawa mmoja, pasiwe na ngazi. Sugua na kitambaa cheupe chenye maji. Rangi ikitoka, itatoka na kwenye shati la mwenzako. Ngozi nene inaongeza uzito nyuma, na mchezaji ataihisi hata kama wewe huioni.

Tulichagua ya mbuzi. Fundi akasema turudi jioni, gundi ikauke. Tukaenda Materuni kuona maporomoko, tukatwanga kahawa wenyewe, na njiani ndipo tulipoongea yale tuliyoyakwepa miezi mingi. Hakuna aliyeshinda. Jumatano akabaki nazo yeye na washikaji zake, Ijumaa ikawa yetu, na mimi nimeshaanza kuingiza mipira. Bado kuna Jumatano narudi kuwa na kisirani, nisidanganye.

Kwa hiyo mkienda Moshi, kuleni mtori asubuhi, mpelekeeni fundi fimbo mapema, na msimtume mmoja akachague peke yake. Kitu kinachomtoa mwenzako nyumbani ni vizuri ukakijua kwa mkono wako. Mkishindwa kukubaliana rangi, chukueni nyeusi. Haionyeshi jasho.