Bonde Lilikuwa la Mto

Magomeni Suna ya utoto wangu ilikuwa na nyumba juu na bustani za mchicha chini, hadi ukingoni mwa Mto Msimbazi. Masika yakija, mto ulitanda juu ya matuta, kisha ukarudi njiani mwake. Wakulima walipata hasara, lakini hakuna aliyehama.

Baadaye malori yakaanza kumwaga vifusi bondeni. Mpango Mkuu wa jiji la Dar es Salaam wa mwaka 1979 ulishaitaja ardhi ile kuwa ya hatari, lakini viwanja vilikuwa bei nafuu, na Kariakoo unafika kwa miguu. Nyumba zikashuka hadi majini. Kila mlango ukajengewa ukuta mfupi wa kuzuia maji, na mawingu yakifunga tu, magodoro yalipandishwa juu ya kabati.

Desemba 2011 kuta zile hazikufua dafu. Ilinyesha mvua ambayo Dar es Salaam haikuwahi kuiona tangu 1954, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Waathirika walipewa viwanja Mabwepande, upande wa Bunju. Jirani yetu, mama muuza samaki wa kukaanga, alikwenda. Lakini alfajiri alitakiwa awe soko la samaki la Feri, na nauli ikamla mtaji. Akarudi kupanga chumba bondeni. Mwishoni mwa 2015 zikaja alama za X nyekundu, na bomoabomoa ikafuata.

Mwaka huohuo ulianza Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa inayofurika. Wanafunzi wa vyuo na wakazi walipita uchochoro kwa uchochoro, Tandale na kwingineko, wakichora mitaro na kuuliza maji yalifika wapi: kifundoni, gotini au kiunoni? Kwa mara ya kwanza, mwenye nyumba alihesabika kuwa shahidi. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa Bonde la Msimbazi: mto upanuliwe, daraja la Jangwani liinuliwe, na bonde liwe bustani ya jiji.

Naunga mkono bonde kurudishiwa mto. Ila anayehamishwa apewe mahali ambapo riziki yake itamfuata, la sivyo atarudi. Na Temeke, kandokando ya Mto Kizinga, mipaka iwekwe sasa, kabla vifusi havijatangulia.

Nawe unayetafuta kiwanja Mbagala au Mtoni, kakitazame wakati wa masika, na uwaulize majirani maji hufika wapi, kabla hujatoa hata shilingi.