Mkanda wa kyondo na fizikia ya Munich

Watu hudhani ukiacha chuo kama mimi, fizikia nayo imekuacha. Zii. Chukua kyondo, hiki tu cha katani ambacho akina mama wa Kitui na Makueni wanasuka tangu zamani, uangalie mkanda wake.

Kama ulishonwa ncha zote mbili ukiwa umejisokota mzunguko mmoja, basi. Vuta, bebea mahindi, panda nao matatu ya Wote, msokoto bado uko. Utautoa tu ukifumua mshono. Na ni 0 ama 1, hakuna 0.6.

Sasa, ndani ya madini, elektroni hazibebi nishati yoyote tu. Zinakaa kwenye mikanda ya nishati, na kati ya mkanda na mkanda kuna pengo. Mikanda hii nayo ina msokoto wa aina yake, unaohesabiwa kwa namba kamili inayoitwa namba ya Chern. Vurugavuruga kidogo, namba haishtuki. Inabadilika tu pengo likizibika, ni kama kufumua mshono. Thouless, Haldane na Kosterlitz walipewa Nobel ya 2016 kwa fizikia ya aina hii.

Lakini unapimaje msokoto usioonekana? Timu ya Immanuel Bloch, Munich, ilipoza atomu za rubidi karibu kabisa na nyuzi -273, ikazinasa kwenye wavu wa miale ya leza, ikazisukuma upande mmoja. Atomu zikasogea kando. Kwa kupima zimesogea kando kiasi gani, walipata namba ya Chern. Matokeo yao ya 2015: 0.99, ikiweza kupungua ama kuzidi kwa 0.05. Nadharia ilisema 1. Wasee, hiyo ni karibu aje?

Sisemi msusi wa Makueni anapima namba ya Chern. Hapimi. Nasema swali ni lile lile: ukivuta na kupinda kitu, nini kinabaki? Mtoto wa miaka kumi anaweza kulielewa. Lakini sisi tunamletea fomula kwanza, tunamwambia fizikia ni ngumu, akifika sekondari anaidrop. Halafu tunashangaa mbona majina kwenye hizi tafiti ni ya mbali.

Mwalimu, kesho ingia darasani na kyondo. Fomula itafuata, na safari hii watajua inahesabu nini.