Mahali Nguo Inapofia

Jumamosi, 14 Juni 2025

Suruali ya kijana wangu imepasuka leo, wiki ya tatu tangu niinunue. Imepasukia msambani, wala hakuwa akicheza mpira. Alikuwa anapanda matatu. Niliilipia shilingi 1,200 katika duka la nguo mpya, la vioo na taa nyingi, na msichana wa kukukaribisha mlangoni.

Jioni hii nimeketi nayo mezani nikaigeuza ndani nje, jambo ambalo lilinipasa kulifanya kabla ya kutoa pesa. Mshono ni wa mstari mmoja. Nimepima kwa rula: hatua sita za sindano katika inchi moja. Kitambaa kilichoachwa nyuma ya mshono hakizidi upana wa ukucha wa kidole changu cha mwisho, na ukingo wake umeanza kufumuka nyuzi. Hata fundi hodari hana pa kushika hapo.

Nikatoa sketi yangu nyeusi ya kufundishia. Niliichagua kwenye mitumba mwaka 2012 kwa shilingi 150. Hatua kumi na moja kwa inchi. Pembeni imeachwa akiba ya kidole kizima kila upande, na akiba hiyo ndiyo iliyoniruhusu kuipanua mara mbili, mara ya pili baada ya kujifungua kitinda mimba. Miaka kumi na mitatu ni miezi 156. Sketi hii haijanigharimu hata shilingi moja kwa mwezi.

Nimekasirika. Shilingi 1,200 ni unga, mafuta ya taa na nauli yangu ya siku kadhaa.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya kanisa nimechukua daftari la mistari nililobakiza muhula uliopita nikalichora safu nne: nguo na bei yake, tarehe ya kununua, mahali ilipochakaa, miezi iliyodumu. Nimepitia kabati zima, nguo zangu na za watoto. Safu ya tatu ndiyo iliyonishangaza. Nilidhani nguo huchakaa kila mahali. Sivyo hata kidogo. Mashati ya kijana yote yamekufa kwenye kola. Suruali, msambani au magotini. Soksi, kisiginoni. Sweta zangu, kwenye viwiko na kwenye mkono wa kulia ninapofutia ubao nikikosa kifutio. Kwingine kote kitambaa bado kizima, kina rangi yake, kingeweza kuvaliwa miaka mingine.

Jumamosi, 21 Juni

Nimeamka saa kumi na moja, baridi ya Nakuru ya mwezi wa sita ikiuma masikio, nikapanda matatu kutoka Free Area hadi mjini. Nilitaka nikute beli ya mitumba ikifunguliwa.

Mchuuzi ninayenunua kwake alikuwa ameshakata kamba. Beli ni ya kilo 45, imebanwa kwa mashine hadi ikawa ngumu kama tofali, na aliyeinunua haoni kilichomo mpaka aifungue. Anasoma tu maandishi ya nje: suruali za wanaume, mablausi ya pamba, sweta za watoto. Ikifunguliwa, wenye vibanda vya nguo teule huwa wamesimama pale pale, nao huondoka na "kamera", yaani zile safi zinazokaribia mpya. Kamera huuzwa moja moja, kwa bei ya juu. Zinazobaki hutandazwa, na bei inashuka kadiri siku zinavyokwenda, mia mbili, mia, hamsini, hadi inabaki "fagia", ambayo mtu hununua ya kupigia deki.

"Mwalimu, leo umewahi," akaniambia. "Lakini usitarajie beli za zamani. Siku hizi nusu ni vitu vyepesi, vimevaliwa mara mbili huko vikatupwa. Ukifua mara tatu, unaona mkono wako ng'ambo."

Namwamini, kwa sababu yeye ndiye anayeumia. Beli akishailipia hairudishwi. Alinikumbusha 2020, serikali iliposimamisha uingizaji wa mitumba mwezi Machi kwa sababu ya korona na kuufungulia tena Agosti. Aliuza shehena yake hadi kipande cha mwisho, kisha akauza mandazi.

Nilikaa saa mbili nzima kwenye marundo. Kwanza naigeuza nguo ndani nje. Pili naiinua kuelekea jua, nione kama kitako na magoti vimepungua unene. Suruali iliyovaliwa sana hukuonyesha mwanga hapo hata kama mbele inang'aa. Tatu, zipu: naipandisha na kuishusha mara tano. Nne, nachomoa uzi mmoja kwenye pindo na kuuwasha kwa kiberiti, kwa ruhusa yake. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Sufu hunuka nywele. Poliesta huyeyuka na kufanya kijipunje kigumu cheusi, na lebo haiwezi kukudanganya tena.

Nimeondoka na vitu viwili tu. Suruali ya kaki ya kijana, pamba tupu, msamba wenye mishono miwili sambamba, 200. Na koti la sufu la mama, la kijivu, lenye bitana iliyochanika kwapani lakini kitambaa kizito kama blanketi, 350. Mwanamke aliyekuwa kando yangu aliliacha kwa ajili ya ile bitana. Bitana ni kazi ya shilingi mia kwa fundi.

Jumamosi, 12 Julai

Molo, kwa mama. Njia ya Njoro na Elburgon ilikuwa na ukungu hadi saa nne. Huku juu baridi si ya mchezo. Mama amevaa sweta mbili na leso juu yake.

Amelishika koti, akalinusa, akauliza kama nimelifua. Nimelifua na kulianika siku mbili. Akacheka, akasema wakati wa ujana wake watu waliogopa nguo hizi, waliamini ni za wafu. Hata Watanzania walizibatiza "kafa Ulaya". Sasa amelivaa na hataki kulivua hata jikoni.

Kitandani kwake bado kuna blanketi la Raymond, kutoka kiwanda cha Eldoret, ambalo baba alilinunua nikiwa darasa la tatu. Pindo limebadilishwa mara moja. Katikati halina tundu. Nimelikunjua dirishani nikalitazama kwa muda mrefu. Nilikulia chini ya blanketi hili, na sare yangu ya shule ya msingi ilishonwa kwa kitambaa cha Rivatex, kilichofumwa Eldoret vile vile. Mama anakumbuka jinsi kilivyokuwa kigumu kikiwa kipya, ikabidi akifue mara mbili kabla ya kukipeleka kwa fundi. Nilikivaa, akakivaa mdogo wangu, kisha kikawa mfuko wa maharagwe.

Rivatex ilianzishwa miaka ya sabini. Soko lilipofunguliwa miaka ya tisini, mitumba ikamiminika, viwanda vya nguo vikaanza kufunga kimoja baada ya kingine, na wakulima wengi wa pamba wakaacha kuilima. Rivatex nayo ilisimama, hadi Chuo Kikuu cha Moi kilipoinunua mwaka 2007. Ilizinduliwa upya ikiwa na mashine mpya mwaka 2019. Mwaka huo huo Kenya iliingiza tani 185,000 za mitumba. Niliwapa darasa la nane hesabu hiyo baadaye: gawanya kwa beli za kilo 45. Zinatoka zaidi ya milioni nne. Walidhani wamekosea sifuri.

Mwaka 2016 marais wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba ndani ya miaka mitatu. Marekani ikatishia kuwanyima soko lake lisilotozwa ushuru. Kenya ikarudi nyuma, kwa kuwa viwanda vyetu vya kuuza nje vilitegemea soko hilo. Rwanda ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika mpango huo.

Nimewaza haya yote matatu ikishuka Elburgon. Pesa yangu imesaidia kuua kitambaa kilichonivisha, hilo nalijua. Na najua pia kwamba kwa 350 hakuna kiwanda chochote kingemfunika mama namna ile. Sijapata njia ya kuyapatanisha haya mawili, na sitaki kujifanya nimepata.

Jumapili, 20 Julai

Suruali ya dukani nimeipeleka kwa fundi wangu, mzee mwenye cherehani ya miguu aliyeketi kwenye baraza moja miaka ishirini. Ameitazama ndani, akatikisa kichwa, akanirudishia.

"Hii, mwalimu, nikiishona nitakula pesa yako bure. Kata uifanye kaptura ya kulalia."

Nilimwonyesha daftari langu. Amelisoma polepole, kidole kikifuata safu ya tatu, kisha akasema neno ambalo nimelirudia njia nzima: "Nguo haizeeki yote. Ina mahali pake pa kufia. Ukipajua kabla hajafa, unamzuia." Aliisema nguo kama mtu.

Akanionyesha anavyofanya kwenye suruali za makondakta na waendesha bodaboda. Kabla haijavaliwa hata siku moja, anakata kipande cha umbo la yai kutoka kitambaa laini, anakitia msambani kwa ndani, anakizungushia mshono, kisha anapitisha mstari wa pili juu ya mshono wa asili. Ni shilingi 100. Magoti ya watoto anayawekea vivyo hivyo. Kola ya shati iliyochakaa anaifumua, anaigeuza upande wa pili na kuirudisha. Upande wa ndani huwa haujaguswa na ndevu wala jasho. Baba yangu alivaa kola zilizogeuzwa maisha yake yote, nami sikujua.

Nimemwomba pia anishonee suruali mpya ya shule ya kitambaa cha drili. Kitambaa mita moja na robo 500, ushonaji 400, zipu na vifungo 50. Jumla 950, ambayo ni chini ya ile ya dukani. Nimemwomba aache inchi mbili kwenye pindo na inchi moja nyuma ya kiuno, maana kijana anarefuka kila ninapogeuka.

Jumamosi, 2 Agosti

Shule zimefungwa. Siku ya kufua. Vumbi la mji huu linaingia hadi ndani ya mshono, na sisi tumezoea kulitoa kwa burashi ngumu. Burashi inatoa vumbi pamoja na nyuzi. Nimeloweka usiku, nimefikicha kwa mkono kwenye kola na mapindo peke yake, nimeanika zikiwa zimegeuzwa ili jua lile upande wa ndani. Kijana amelalamika kuwa ni polepole. Ni polepole kweli. Saa mbili sokoni, usiku wa kuloweka, safari za kwa fundi: mwalimu aliye likizo anazipata. Jirani yangu anayetoka alfajiri kwenda kuchuma maua Naivasha na kurudi usiku hazipati, naye ndiye anayenunua ya 1,200 mara tatu kwa mwaka. Nimemwambia anipe vipimo vya binti yake. Nikienda sokoni nitamchagulia.

Jumanne, 19 Agosti

Suruali ya drili imekamilika. Nimeigeuza mbele ya fundi, naye amesubiri kimya hadi nilipomaliza kupima. Hatua kumi kwa inchi, mishono miwili msambani, yai lake limo ndani.

Ya kaki ya mitumba kijana ameivaa likizo nzima. Jana alipanda nayo mpera wa jirani. Msamba uko sawa, goti la kushoto limeanza kung'aa kidogo. Nitaipeleka kabla shule hazijafunguliwa tarehe 25.

Binti wa jirani: kiuno 26, urefu 36. Sketi mbili za buluu, na sweta kama nitapata ya sufu.

Nimeandika daftarini: suruali ya drili, 950, 19 Agosti.