Uamuzi Mzito Haubebwi na Mtu Mmoja

Mimi ni muuguzi wa watoto wachanga katika hospitali ya mkoa hapa Tanzania. Natoa ushuhuda huu kwa wauguzi na madaktari wanaokosa usingizi kwa sababu ya jambo walilolazimika kulifanya zamuni. Nami nililala macho hivyo hivyo. Namshukuru Mungu nimevuka, na nataka kueleza nilivyovuka.

Wodi yetu inapokea watoto njiti. Mapafu yao hayajakomaa, hivyo wengi huhitaji CPAP, mashine inayosukuma hewa puani ili mapafu yasisinyae. Ukisimama karibu unasikia maji yakibubujika kwenye chupa, na kwa sauti hiyo tunajua hewa inapita. Wakati ule mashine nzima ilikuwa moja tu.

Usiku mmoja ilikuwa kwa mtoto mdogo mno ambaye hali yake ilizidi kudorora licha ya kila tulichofanya. Akaletwa mwingine kutoka chumba cha kujifungulia, mbavu zikibonyea kila alipovuta pumzi, lakini mwenye matumaini makubwa ya kupona. Daktari wa zamu akawapima wote wawili, akaamua mashine ihamishwe. Sababu alikuwa nazo. Lakini mipira ilitolewa puani kwa mikono yangu, na daktari alipoitwa kwenye upasuaji nilibaki mimi na mama wa mtoto aliyetolewa. Akaniuliza, "Sista, mbona wangu mmemtoa?" Nilimshika bega. Hatukuwa tumekubaliana nani amweleze wala aelezwe nini. Mwanawe alifariki kabla ya alfajiri.

Asubuhi nilikabidhi zamu, ripoti ikaandikwa, kazi ikaendelea. Niliowasimulia waliniambia nitazoea. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sikuzoea. Nikisikia chupa ikibubujika, tumbo lilinikaza. Nikawa nakwepa macho ya akina mama. Mambo yakazidi siku watoto wawili walipokuwa wakiingoja mashine, simu ikaingia kutoka kwa mtu mwenye cheo: mmoja wao ni wa jamaa yake, atangulizwe. Nilianza kufikiria kuacha kazi.

Baadaye nilijifunza kwamba maumivu haya yana jina. Mwaka 1984 Andrew Jameton, mwanafalsafa wa Marekani, aliandika juu ya dhiki ya kimaadili: muuguzi anajua lililo sahihi, lakini taratibu za mahali pa kazi zinamzuia kulitenda. Nilifarijika. Kumbe sikuwa dhaifu. Dhamiri yangu ilikuwa hai.

Aliyetuokoa ni matroni aliyehamia kwetu, aliyekuwa amesomea maadili ya tiba. Alianzisha kikao cha saa moja, ndani ya muda wa kazi. Waliketi wauguzi, madaktari, afisa ustawi wa jamii, pamoja na mchungaji na shehe wanaotembelea wagonjwa wetu. Masharti yalikuwa mawili: hatutafuti mkosaji, na wa cheo cha chini husema kwanza. Kisha maswali kwa utaratibu: Ukweli wa kitabibu ni upi? Nani anaguswa? Njia zipi zilikuwepo? Kila njia inamfaidi nani, inamuumiza nani? Tunayoichagua, je, tunaweza kumweleza mzazi uso kwa uso?

Kikao cha kwanza kilijadili usiku ule. Daktari aliposikia habari zangu aliinamisha kichwa, akasema, "Na mimi silali. Nilidhani ninyi wauguzi mnaniona muuaji." Miezi yote hiyo tulikuwa tumesalimiana kila siku, kila mmoja na jeraha lake.

Matroni alitufundisha pia kwamba wengine walitutangulia. Mjini Seattle, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kamati ya raia ilichagua nani apate mashine ya kusafisha damu, na ikapima hadi kipato cha mgonjwa na mahudhurio yake kanisani. Jarida la Life lilipoifichua mwaka 1962, wengi walishtuka kuona thamani ya mtu ikipimwa hivyo. Afrika Kusini, mwaka 1997, mgonjwa wa figo aitwaye Soobramoney aliishtaki Serikali baada ya hospitali ya umma ya Durban kumnyima mashine kama hiyo. Mahakama ya Katiba ilikiri uchungu wa hali yake, lakini ikakubali kwamba uhaba ulikuwa wa kweli na vigezo vya hospitali vilitumika kwa haki.

Nasi tukaandika vyetu, karatasi moja, ikabandikwa ukutani. Vigezo ni vya kitabibu tu. Uamuzi haufanywi na mtu mmoja, na muuguzi ana sauti. Mzazi huelezwa kabla mashine haijahamishwa, na daktari na muuguzi wakiwa pamoja. Mtoto anayetolewa haachwi: hupewa oksijeni ya kawaida, dawa ya maumivu na kifua cha mama yake. Simu za wakubwa sasa zinajibiwa kwa karatasi hiyo. Kumbukumbu za vikao nazo zikawa hoja mbele ya uongozi, hadi tukapata mashine ya pili, kwa maana uhaba si deni la dhamiri ya muuguzi.

Hata hivyo saa ngumu zilirudi. Mama mwingine tulimketisha, tukamweleza yote. Alilia sana, kisha akaomba bibi wa mtoto aingie, naye akampa mjukuu jina. Mtoto aliaga kifuani kwa mama, ndani ya kitenge chake. Mama akatuambia, "Asanteni hamkunificha." Nililia pamoja naye. Usiku huo nililala.

Kikao hakikuniondolea huzuni, wala sitaki kiniondolee. Kiliniondolea upweke. Wewe unayebeba mzigo wako kimya, mtafute mwenzako mmoja unayemwamini, kisha mwende kwa mfawidhi wenu mkaombe kikao. Hakihitaji jengo wala fedha. Nanyi viongozi wa hospitali, kitengeeni nafasi kwenye ratiba ya zamu, ndani ya saa za kazi. Mkiwaacha watumishi na mizigo hii peke yao, mtawapoteza wale wanaojali zaidi.