Kamera ya Parokia Katika Ngoma za Bagamoyo



Mji wa Bagamoyo wengi wenu mnaujua kwa habari za Kanisa. Uko kilometa 70 hivi kaskazini ya Dar es Salaam, nao ndipo Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni yao mwaka 1868. Njia ya miembe iingiayo misheni ingalipo, na mnara ambamo mwili wa Dk. Livingstone uliwekwa mwaka 1874, baada ya kuletwa na akina Chuma na Susi, ungali umesimama. Yafaa sana kwenda kuhiji huko. Lakini leo nataka tushike njia ya upande wa kusini wa mji, karibu na pwani, kilipo Chuo cha Sanaa.

Chuo hiki kilianzishwa mwaka 1981, na siku hizi jina lake ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa. Tamasha lake lilianza mwaka 1982. Huja vikundi vya mikoa mbalimbali na vya nchi za nje pia, kucheza ngoma, maigizo, muziki na sarakasi.

Ukifika, ndugu msomaji, usikae ukumbini tu. Ukumbini kuna taa na ratiba, na watu wa heshima walioketi mbele. Lakini toka nje, ukatazame chini ya miti, ambako vijana husafisha kiwanja kwa miguu yao wenyewe na kuanza. Mambo ya namna hii yana historia. Kule Edinburgh, Uskochi, mwaka 1947, vikundi 8 vya maigizo ambavyo havikualikwa katika tamasha kubwa vilikwenda hivyo hivyo, vikacheza kandokando; na lile la pembezoni likakua mno kupita lile lenye mwaliko.

Mimi nilikwenda kwa kutumwa. Mzee mmoja wa kigango chetu, Mmakonde, binti yake yuko Bagamoyo anajifunza ngoma. Mzee hakuridhika. Aliniambia, "Mwalimu, sindimba naijua. Mama yangu aliicheza. Ina wakati wake na mahali pake, watoto wakitoka jandoni na unyagoni. Sasa inachezwa jukwaani, wageni wakala karanga na kutazama. Nenda ukanipigie picha, nione mwanangu anafanya nini." Padre Paroko akaniazima kamera ya parokia, ile tunayopigia picha za Kipaimara.

Kupiga picha za ngoma si kama za Kipaimara, ambapo mtoto husimama na mshumaa akangoja. Mchezaji hangoji. Lazima kamera ifunge na kufungua upesi, sehemu moja katika 250 ya sekunde au chini ya hapo, la sivyo miguu huonekana kama moshi. Taa ya kamera uizime kabisa, maana kijana aliye juu ya mabega ya wenzake katika sarakasi, ukimmulika machoni, waweza kumvunja shingo. Pwani ile inaelekea mashariki. Kwa hiyo alasiri jua huwa mgongoni kwako ukiitazama bahari, na nyuso za wachezaji hung'aa bila taa yoyote.

Maigizo ni magumu zaidi. Vijana fulani waliigiza habari ya baba aliyeuza shamba kwa siri. Nilipiga picha nyingi, na zote ni za watu waliofumbua vinywa tu! Picha iliyo njema ni ya mama mmoja mtazamaji, ameziba mdomo kwa ncha ya kanga, machozi yakimtoka. Nilimwomba ruhusa baada ya mchezo, naye alikubali, ila akasema nisimtaje jina.

Wagogo nao walikuwapo na zeze na marimba zao. Upigaji huo ulitangazwa duniani na marehemu Hukwe Zawose, aliyefundisha chuoni hapo, naye alifariki mwaka 2003. Bibi mmoja wa kikundi hicho aliniuliza, "Wewe unachukua, sisi tunabaki na nini?" Nikaandika anwani yake, picha zake zimekwisha kwenda.

Kisha ikaja sindimba. Binti wa mzee alikuwa wa tatu katika mstari, njuga miguuni. Nilipiga picha karibu 40. Usiku nilipozitazama niliona taabu yangu. Katika moja kiuno kimekatika hivi kwamba, ukiitazama peke yake, utasema maneno ya watu ni kweli. Katika nyingine, ya sekunde iyo hiyo, binti anacheka akimtazama mpiga ngoma, kama dada na kaka wanaotaniana. Ngoma ni moja, mtoto ni yule yule. Je, nimpelekee baba ipi?

Nilimwonyesha binti mwenyewe. Akasema, "Mpelekee zote, Mwalimu. Baba akiona nzuri tupu atajua tumechagua."

Basi Jumapili, baada ya Misa, tulizipanga picha juu ya benchi nje ya ofisi. Nilimkumbusha mzee kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya mwaka 1963, uliagiza muziki wa jadi wa mataifa upewe heshima yake. Akanijibu kwamba hati ile inasema habari za kanisani, nami nikanyamaza, kwa kuwa hilo alilijua vizuri. Alizitazama kwa muda mrefu. Akauliza mdundo wao ulikuwaje. Nikajaribu kwa vidole juu ya benchi. "Sivyo," akasema, akapiga mwenyewe, polepole, halafu upesi, hata katekista akachungulia dirishani.

Alichukua picha nne, na ile ya kicheko ikawa ya juu. Ile ya kiuno akanirudishia, akasema nimwekee binti mwenyewe, isitoke gazetini. Ndiyo sababu hamtaiona hapa.