Obokano na Mapigo ya Moyo wa Msikilizaji

Ukitoka Nairobi kwa matatu kupitia Narok, Bomet na Sotik, barabara hupita mashamba ya majani chai hadi Keroka, mji uliokaa mpakani mwa Kisii na Nyamira. Mpaka huo ni wa serikali tu. Nyamira ilikatwa kutoka Kisii ikawa wilaya mwaka 1989, na tangu 2013 zote mbili ni kaunti. Muziki haukukatwa.

Chombo cha Abagusii ni obokano: nyuzi nane na bakuli la mti lililowambwa ngozi, kubwa kuliko nyatiti ya Wajaluo. Zamani nyuzi zilikuwa kano za ng'ombe. Sauti yake ni nzito mno. Huihisi kifuani kama unavyoisikia masikioni. Na penye obokano msikilizaji hanyamazi. Huitikia, hutikisa mabega, na ukoo wake ukisifiwa hutia mkono mfukoni.

Huko Berlin, Ujerumani, mambo ni kinyume. Wanasayansi waliandaa maonyesho ya muziki, watu wakakaa kimya vitini huku wamefungwa vipimo mwilini. Wachezaji watano wa vyombo vya nyuzi walipiga kazi za Beethoven, Brahms na Brett Dean wa Australia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023: katika maonyesho matatu, wasikilizaji 132, mapigo ya moyo, kasi ya kupumua na jasho la ngozi vilielekea kwenda pamoja. Ajabu ni kwamba hawakuvuta na kutoa pumzi kwa wakati mmoja. Kasi tu ndiyo iliyolingana.

Basi vipimo hivyo vingeletwa Keroka, nadhani mtu wa kwanza kufungwa angekuwa mpigaji mwenyewe. Wale wa Berlin walifuata noti zilizoandikwa tayari. Mpigaji wa obokano hutazama nyuso: akiona mzee ameinamisha kichwa, hubadili maneno, akiona vijana wamesimama, huongeza mwendo. Hapo ni nani anayemfuata mwenzake?

Swali hilo lina haraka kidogo. Wanamuziki kama Grandmaster Masese wameipandisha obokano jukwaani, mbele ya watu waliokaa vitini, na wageni hao hawajui ni wapi pa kuitikia. Wanaojua wako vijijini, na wengi ni wazee. Mkienda likizo ya Desemba, enyi wanafunzi, muulizeni babu ni nani bado anapiga. Kisha kaeni karibu na bakuli, si nyuma.